Joto la Sauti ya Mume Wangu

Mume wangu alipoteza sauti yake kwenye meza ya upasuaji, na alijua mapema kwamba angeipoteza. Daktari alituketisha Nairobi akatueleza bila kuzungusha: saratani imekaa kwenye kisanduku cha sauti, na kisanduku chote lazima kitoke. Mzee atapumua kupitia tundu shingoni maisha yake yote. Atakula, atatembea, atalima. Kuongea ndiko hataweza.

Alikuwa mwalimu wa hesabu. Tangu aanze kazi hadi alipostaafu alifundisha katika shule za upande wetu wa Kwa Vonza, na sauti yake ilijulikana mpaka sokoni. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na maombi yake yalikuwa marefu. Nyumbani aliongea nami kutoka chumba chochote alichokuwa, nami nikamjibu kutoka chochote nilichokuwa. Watoto wetu walikuwa wamekua wakaenda kutafuta kazi mbali, lakini nyumba haikuwahi kunyamaza.

Binti ya dada yangu ana duka la kutengeneza simu na kompyuta pale Sultan Hamud. Aliposikia habari alinipigia simu.

"Auntie," alisema, "kabla hajapasuliwa, tumrekodi. Akisoma vya kutosha, naweza kutengeneza programu iongee kwa sauti yake. Yeye ataandika, kompyuta itasema."

Sikuelewa, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Binti alikuja na kipaza sauti chake, tukamweka mzee stoo, katikati ya magunia ya ndengu, kwa sababu magunia humeza mwangwi. Alisoma gazeti. Alisoma Zaburi. Alisoma sentensi ambazo binti alikuwa amemwandalia, na alipochoka kusoma alisema majedwali ya kuzidisha bila kutazama popote. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza kama mlango wa bati, lakini ilikuwa yake. Mimi nilikaa nje ya mlango nikizuia kuku wasipige kelele, na nililia bila kutoa sauti ili nisiharibu kazi.

Alipotoka hospitali, mrija mfupi wa plastiki ukiwa ndani ya lile tundu, binti alituletea laptop. Haikuwa mpya. Alituambia programu ile ni nzito, na kwa vile mtandao wa kwetu huja na kwenda, kazi yote ya kutengeneza sauti itafanyika ndani ya mashine yenyewe. Mume wangu aliiweka mezani, akaandika kwa vidole viwili, akabonyeza.

"Mwaitu, hii chai haina sukari."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Ndivyo ameniita tangu kifungua mimba wetu azaliwe. Sauti ilitoka mezani, na mdomo wake ulikuwa umefungwa. Nywele zilinisimama. Nilitoka nje nikasimama kando ya tangi la maji mpaka moyo ukatulia. Niliporudi nilimkuta akicheka kicheko chake kipya cha mabega matupu, hewa ikipiga mbinja shingoni. Nikaongeza sukari.

Tulizoea. Hata kanisani walizoea, ingawa mama mmoja alihamia viti vya nyuma akisema sauti ya mtu haifai kutoka kwenye sanduku. Kilichotupata hakikutoka kwa watu. Kilitoka kwa jua.

Kiangazi kilipokaza mwaka uliofuata, ile mashine ilianza kusuasua. Mume wangu aliandika, akabonyeza, akangoja, akangoja tena. Halafu sauti ikaja vipande vipande: "Nipe... ma... ji." Mara nyingine kioo kilizima tu katikati ya neno. Tulidhani ni betri. Tulidhani ni stima. Tukawa tunaiwasha upya na kuendelea, kama watu wanaopiga teke gari bovu.

Tulikuwa na mapatano. Akinihitaji nami niko nje, angebonyeza kitufe kimoja, na spika ingeita kwa nguvu, "Mwaitu, njoo!" Ilisikika hadi zizi la mbuzi. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya nyumba nikianika ndengu juu ya turubai. Yeye alikuwa amejilaza kitandani, mashine juu ya blanketi kando yake. Kohozi lilikauka ndani ya mrija likaziba. Mtu aliyepasuliwa namna ile hana njia nyingine. Pua na mdomo wake haviendi tena kwenye mapafu. Mrija ukiziba, amezibwa.

Alibonyeza kitufe. Mashine ilikuwa imejizima yenyewe, wala hakujua.

Kilichoniingiza ndani ni kiu. Nilimkuta amepiga magoti karibu na mlango wa chumba, mkono mmoja ukigonga fremu bila nguvu yoyote, midomo imekuwa rangi ya jivu. Hospitalini walinifundisha la kufanya, na nilikuwa nimeomba nisije nikalifanya. Nilishika ule mrija kwa vidole vyenye vumbi la ndengu nikauvuta wote. Ulitoka na kipande kigumu kama gundi ya mti. Hewa ikaingia ndani yake kwa mlio wa kitambaa kinachopasuka. Tulikaa sakafuni tukishikana mpaka kivuli cha mlango kikatufikia.

Baadaye niliigusa ile mashine pale kwenye blanketi. Iliniunguza kiganja.

Siku hiyohiyo nilimfunga kengele ya mbuzi kiunoni. Filimbi haingemfaa, mtu asiye na pumzi mdomoni hawezi kupuliza filimbi. Kisha nikampigia simu binti ya dada yangu, na nadhani nilimfokea.

"Auntie, ngoja. Hiyo laptop iko wapi sasa?"

"Kitandani."

"Juu ya blanketi? Itoe! Chini yake kuna matundu ya kupumulia. Blanketi inayaziba."

Aliposema matundu ya kupumulia ilibidi nikae chini.

Alituelekeza kwa simu jinsi ya kuweka programu ndogo ambayo huonyesha namba kwenye pembe ya kioo, karibu na saa. Mume wangu alifuata maelekezo huku mimi nikimshikia simu, spika yake ikiwa imewashwa. Namba ikatokea: sitini na moja.

"Hizo ni digrii za prosesa," binti alieleza. "Prosesa ndiyo inayofikiri. Ikifikiri sana inapata joto, na kutengeneza sauti ya mzee ni kufikiri sana. Ikiwa imetulia, itakuwa hamsini na kitu, sitini. Akiongea, sabini, hata themanini na kitu, msiogope. Ikipita tisini na tano inaanza kujipunguza mwendo. Ndiyo maana sauti inakatika. Ikikaribia mia, inajizima."

"Kwa nini ijizime?"

"Ili isiungue, Auntie. Inajiokoa."

Inajiokoa.

Mume wangu aliandika salamu moja fupi kwa mpwa wangu, akabonyeza. Namba ikaruka kutoka sitini hadi themanini na nne kwa kupepesa jicho. Nilipiga yowe.

"Hiyo ni kuruka tu," binti alisema. "Huwa inaruka na kushuka. Usitazame inaruka mpaka wapi. Tazama inakaa wapi mzee akiongea kwa muda mrefu. Tena pima na joto la nyumba. Hata ikiwa nzima kabisa, haiwezi kuwa baridi kuliko chumba ilimo."

Chumba ilimokuwa kilikuwa cha mabati, hakina dari, na mchana wa kiangazi mtu angeweza kukaushia mihogo ndani yake.

Tangu siku hiyo nilianza kuishi na ile namba. Niliinua mashine juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini. Nilifungua madirisha asubuhi na kuyafunga jua likipanda. Nilinunua feni ndogo. Niliwahi hata kuweka kitambaa kibichi kando yake, binti akasikia akapiga kelele kwenye simu, "Maji na umeme, Auntie! Unataka kuniua na presha?" Nikakiondoa.

Lakini zaidi ya yote nilitazama. Mume wangu akiongea, mimi nilikuwa begani mwake, macho kwenye pembe ya kioo. Sabini na tisa. Themanini na sita. Ikifika tisini nilikuwa nainua mkono kumsimamisha, kama askari wa barabarani. Wageni wakija kumjulia hali, ningewakatiza: subirini kidogo, ipoe. Nilijua namba ya asubuhi na namba ya mchana. Nilijua kwamba hadithi moja ndefu ilikuwa hatari kuliko fupi mbili zilizogawanywa kwa chai. Jambo alilokuwa akisema, mara nyingi sikulisikia.

Siku moja aliandika kwa hasira, vidole vikigonga kama kuku anayedonoa bati.

"Unanipimia maneno kama dawa ya kikohozi."

"Nakupimia uhai," nilimjibu.

Alifunga mashine. Siku hiyo nzima niliisikia kengele tu, na kengele haisemi lolote ila njoo.

Hatukukaa kwenye ugomvi huo. Asubuhi moja yenye joto tayari, kengele ililia kutoka sebuleni. Nilikimbia nikidhani ni mrija tena. Alikuwa ameketi vizuri, anapumua vizuri, na alinionyesha kiti. Alikuwa ameshaandika kitu kirefu. Kabla hajabonyeza nilichungulia pembeni: tisini na moja. Nikainua mkono. Yeye akabonyeza.

"Mwaitu, usiangalie hiyo namba. Niangalie mimi. Kuna kitu shingoni. Nilikigusa wiki iliyopita nikinyoa ndevu, nikanyamaza, kwa sababu—"

Kioo kikawa cheusi.

Niliitazama mashine kana kwamba ingemalizia. Yeye hakuiwasha. Alichukua mkono wangu, akauleta chini ya taya, upande wa kushoto, akakibonyeza kidole changu pale. Kilikuwa kigumu na cha mviringo, kama punje ya njugu mawe chini ya ngozi. Hakikusogea.

Nilimtazama. Midomo yake ikatamka neno moja bila sauti. Nilikuwa nimeshajifunza kuisoma.

"Niliogopa."

Tulienda hospitali Kitui kesho yake. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeingia kwenye veranda tuliyokaa, mashine ikiwa kwenye mkoba mapajani mwangu. Tulipoitwa, daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimkagua shingo kwa makini, kisha akanigeukia mimi.

"Anaumwa akimeza? Anatokwa na jasho? Amepungua uzito?"

Mume wangu aliinua kidole kumwomba angoje. Alifungua mashine, akaandika. Ilikuwa tayari moto kutoka kwenye mkoba. Sauti ilianza, "Dak... ta... ri, mi... mi..." ikakwama hapo. Daktari alingoja. Nje kulikuwa na watoto wanalia na watu wanakohoa. Mwishowe akasema, bila ubaya wowote, "Mama, niambie tu wewe."

Nikamwambia. Jasho, ndiyo. Uzito, ndiyo, kidogo. Nilikuwa naeleza habari za mwili wa mtu aliyekaa karibu nami, mwenye akili zake timamu, na sikuthubutu kugeuka kumtazama. Niliusikia mfuniko wa mashine ukifungwa taratibu.

Walimchoma sindano kwenye uvimbe wakavuta majimaji ya kupeleka maabara. Tukaambiwa turudi kwa majibu.

Sitaki kueleza sana siku za kungoja. Mtu aliyewahi kungoja majibu ya namna hiyo anazijua, na asiyewahi, Mungu amzuilie. Nilipika vyakula vilivyoungua. Nilimwoshea mrija mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kila alipokohoa niliganda. Niliendelea kutazama digrii hata akiwa haongei, mashine ikiwa imewashwa tu mezani, na nikiona hamsini na nane nilishukuru kana kwamba nimepewa habari za shingo yake.

Alfajiri moja, wakati bati bado lina baridi, alinikuta nikiitazama. Akaivuta kwake akaandika.

"Siku ya majibu nataka kuuliza mwenyewe. Hii mashine ipelekwe Sultan Hamud ifunguliwe."

"Hapana."

"Binti alishasema itakuwa imejaa vumbi."

"Akiifungua isiwake tena?"

Alinitazama. Nadhani alielewa kabla sijamaliza, lakini nilimaliza. Nilimwambia kama kile kilicho shingoni ndicho kile, basi ndani ya mashine hiyo ndimo sauti yake itabaki, na sitaki mtu aishike kwa bisibisi. Nilisema hivyo mbele yake, kwa mdomo wangu.

Hakukasirika. Aliandika kwa utulivu.

"Nataka kuitumia nikiwa hai."

Tukaenda. Tulipitia Machakos tukashika barabara ya Mombasa, yeye akiwa ameshika mkoba safari hii, ameufungua zipu ili upate hewa. Duka la binti liko kando ya barabara, malori yanapita mbele yake yakitikisa vioo vya simu zilizotundikwa. Alitupokea kwa soda baridi, akamkumbatia mjomba wake kwa upole akikwepa shingo, kisha akaweka mashine juu ya meza yake na kuanza kufungua skrubu za chini.

Nilitoka nje. Nilisimama nikiyatazama malori.

"Auntie, njoo uone!" aliita.

"Sitaki kuona."

"Njoo bwana."

Nilienda. Feni ya ndani ilikuwa ndogo kama kifuniko cha mtungi, na kando yake kulikuwa na vyuma vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana. Kati ya vyuma hivyo kulikuwa na vumbi jekundu la kwetu, limeshikamana likawa zito kama kipande cha blanketi kuukuu. Aliling'oa kwa kibanio likatoka zima. Hewa ya feni ilikuwa imegonga ukuta ule kiangazi chote. Chini ya bomba la shaba alinionyesha prosesa yenyewe, kijisahani kinachong'aa, si kikubwa kuliko ukucha wa dole gumba. Dawa nyeupe iliyopakwa juu yake ili kupitishia joto ilikuwa imekauka na kupasuka kama chokaa.

"Hapa ndipo namba yako inatoka," alisema. "Haikuwa inadanganya. Joto lilikosa njia ya kutokea."

"Na sauti iko wapi hapo?"

"Sauti haiko hapo. Iko kwenye diski. Tena nina nakala hapa dukani."

"Niisikie."

Aliniangalia akaona sitanii. Akageukia kompyuta yake, akabonyeza vitu kadhaa, na duka zima likasikia, "Saba mara nane, hamsini na sita." Ilikuwa ile ya stoo, kabla ya kisu, na mkwaruzo wake. Mume wangu aligeuza kichwa upesi kama mtu aliyeitwa na mtu anayemfahamu.

Binti alifuta dawa ya zamani, akapaka mpya, tone dogo tu, akafunga. Akabonyeza cha kuwashia. Haikuwaka.

Nilishika ukingo wa meza. Akabonyeza tena. Kimya. Mume wangu aliweka mkono wake juu ya wangu, na mkono wake pia ulikuwa na baridi. Binti alisema, "Tulieni," lakini hakuwa ametulia. Niliona akijilamba midomo. Akafungua tena, akapekua, akasukuma waya mmoja mwembamba uliokuwa umekaa upande. Akafunga. Kioo kikawaka.

"Sasa tuipe kazi," alisema akifuta jasho. "Mjomba, ongea. Ongea usinyamaze, tuone itakaa wapi."

Mume wangu alifikiri kidogo, akaanza jedwali la saba. Alikuwa ameweka spika juu. Jedwali la saba likaisha likaja la nane, na namba ikapanda: sitini na tano, sabini, sabini na mbili. Mwanamke aliyekuwa akiuza machungwa mlangoni akaanza kujibu kabla ya mashine, na wanaume wawili waliokuwa wamengoja simu zao wakaingilia. Ikawa darasa. Alipofika la tisa aliandika kosa makusudi.

"Tisa mara saba, sitini na mbili."

"Sitini na tatu, Mwalimu!" walipaza sauti hadi barabarani.

Mabega yake yakatikisika kwa kicheko. Namba ilikaa sabini na nne, ikakataa kupanda zaidi. Nami nilicheka, kicheko cha kweli, mpaka nikaiona shingo yake ikinyooka kwa kucheka na ule uvimbe ukijitokeza chini ya taya.

Siku ya majibu tulimpata daktari yuleyule. Chumba kilikuwa na joto na dirisha lilikuwa limekwama. Mume wangu hakungoja kuulizwa. Aliweka vile vipande vyetu vya mbao mezani kwa daktari, akaweka mashine juu yake, akabonyeza.

"Daktari, habari ya asubuhi. Mgonjwa ni mimi. Naomba uzungumze na mimi."

Daktari aliweka kalamu chini. Akageuza kiti chake chote kumwelekea.

"Samahani, Mwalimu. Nzuri. Uliza."

"Ile saratani imerudi?"

Nilitazama pembe ya kioo. Sabini na nane, themanini, sabini na nane. Ndipo nikagundua kwamba naitazama kwa sababu siwezi kuutazama uso wa daktari. Kichwani nilikuwa naomba kwa Kikamba, neno moja tu, tena na tena.

"Hapana," alisema daktari. "Maabara haikuona saratani. Hiyo ni TB ya tezi."

"TB!" Niliinuka kwenye kiti. "TB! Asante Yesu!"

Daktari alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Mama, TB ni ugonjwa. Utatibiwa, lakini ni ugonjwa."

"Najua, daktari. Najua." Nilikuwa nalia na pua inatiririka na sikuwa na leso. Mume wangu alikuwa akicheka kwa mabega, machozi yakimshuka mpaka kwenye kitambaa kinachofunika tundu lake, na mwishowe daktari naye akaanza kucheka, bila shaka bila kujua anacheka nini.

Kisha mwalimu wa hesabu akaanza maswali. Dawa ni za muda gani? Akisahau siku moja? Itamwambukiza mke wake? Mbona ikae kwenye tezi na si kifuani? Sindano ile ingeweza kukosea? Kwa swali hilo daktari alisema inawezekana, ndiyo maana watamfuatilia, na uvimbe usipopungua kwa dawa watauchunguza tena. Alilijibu kila moja akimtazama yeye. Foleni nje ilinung'unika. Sauti haikukatika hata mara moja, na mimi sikuinua mkono.

Dawa zilikuwa na vituko vyake. Asubuhi ya kwanza kengele ililia chooni kama mbuzi aliyevamiwa na fisi. Nilimkuta amesimama akionyesha mkojo wake, umekuwa wa rangi ya chungwa. Nilipiga simu kliniki, muuguzi akasema ni kawaida ya dawa ile, walitueleza, tukawa hatukusikia kwa furaha. Ilimpa kichefuchefu pia, na kuna wiki alikataa chakula kabisa nikamsihi kama mtoto. Lakini ile punje ilianza kulegea, ikawa ndogo, na siku moja nilipoitafuta kwa kidole nikaikosa. Niliitafuta tena upande wa pili, nisiamini, akanipiga kofi dogo la mkono.

Amemaliza dawa. Ile ya zamani, saratani, bado inafuatiliwa. Kila baada ya miezi kadhaa wanamkagua koo, na wiki ya kabla ya hapo nyumba yetu hupoa. Hatugombani, hatutaniani. Kila mmoja hufanya kazi zake akimkwepa mwenzake kidogo.

Mara ya mwisho, asubuhi ya kwenda, nilimkuta amevaa mapema, kofia kichwani, ameketi mezani. Nilimuuliza jambo ambalo sikuwa nimewahi kumuuliza tangu ugonjwa uanze.

"Unaogopa?"

Aliandika neno moja, akabonyeza. "Ndiyo." Akaandika tena. "Wewe?"

"Mimi pia."

Aliitikia kwa kichwa, akavuta mashine karibu.

"Basi twende sasa hivi, kabla foleni haijawa ndefu."